Majina ya Utani Yanayorithiwa: Safari ya Nakuru na Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru ana safari ya kiasi cha kilomita 160. Kwanza barabara hupanda taratibu mpaka Limuru, penye baridi na mashamba ya chai, kisha ardhi hukatika kwa ghafula na Bonde la Ufa huonekana chini kama uwanja usio na mwisho. Mlima Longonot umesimama upande wa kushoto, na mbele yake Ziwa Naivasha linameta. Toka hapo mpaka Nakuru mahali pengi pana majina ya Kimasai, maana Wamasai ndio waliochunga ng'ombe wao katika nchi hiyo kabla haijaja reli na kabla hayajakatwa mashamba ya walowezi. Naivasha maana yake ni maji yenye mawimbi. Elementaita maana yake ni mahali pa vumbi. Na Nakuru nayo, kama wasemavyo wenyeji, maana yake ni mahali pa vumbi.

Aliyewahi kufika Nakuru wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari au Februari, hana haja ya kuuliza sababu. Upepo ukivuma, vumbi jeupe la magadi huinuka kando ya ziwa, likazunguka angani kama moshi. Wachungaji waliona jambo hilo wakapaita mahali pale kwa sifa yake, kama vile watu wamwitavyo kijana mrefu "Twiga". Halafu reli ikafika mwaka 1900, mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904, na ile lakabu ya wachungaji ikaandikwa katika ramani za Serikali. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, na katika hati hiyo jina ni lile lile la vumbi. Tena, mjini humo mna mtaa uitwao Kivumbini. Ni kana kwamba babu aliitwa Vumbi kwa Kimasai, na mjukuu akarithi jina lake kwa Kiswahili.

Yaliyoupata mji huu yamewapata pia watu wake. Katika Bonde la Ufa la kati, tangu Naivasha na Gilgil mpaka Njoro, Molo na Rongai, wanaishi watu wa makabila mengi, Wakikuyu, Wakalenjin, Wamasai, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengine, na kila watu wana desturi zao za kuwapa watoto majina. Siku hizi wazee wengi hulalamika kwamba vijana wanawaandikisha watoto wao kwa majina ya utani, yale ya kuitana nyumbani tu, kana kwamba ni majina kamili. Mtoto huandikwa Ciku badala ya Wanjiku, au Ciru badala ya Wanjiru, au Kip bila neno linalofuata. Wazee huuliza: Je, hilo nalo ni jina? Swali hilo ni jema, na ardhi hii ya Nakuru ina majibu yake.

JINA LA BABU

Tuanze Bahati, kaskazini ya mji, mahali penye mashamba madogo ya mahindi, viazi na maziwa. Wenyeji wengi wa huko ni Wakikuyu. Desturi yao yajulikana: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba yake, na wa pili kwa jina la baba wa mama yake. Mtoto wa kike wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, na wa pili kwa jina la mama wa mama yake. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za baba na ndugu za mama. Kwa hiyo jina halitungwi, hurithiwa tu.

Katika duka moja la chai huko Bahati nilimsikia mama kijana akimwita mwanawe mdogo, "Baba, njoo unywe chai." Mgeni angedhani anamwita mumewe. Lakini mtoto yule alipewa jina la baba wa mama huyo, na kwa heshima ya jina, mama humwita mwanawe kama amwitavyo mzazi wake. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alicheka aliponiona nimeshangaa. Nikamwuliza, "Guka, na kama babu alijulikana kwa jina la utani, mjukuu hupewa lipi?" Akajibu, "Mwanangu, hupewa lile watu waliloliitikia. Jina lisiloitwa limekufa."

Maneno ya mzee huyo yana ukweli, na ushahidi wake umo katika majina yenyewe. Njogu ni ndovu. Mbogo ni nyati. Kihara ni neno la upara. Wanjohi latokana na njohi, yaani pombe. Majina ya namna hiyo yana sura ya lakabu kabisa: mtu wa zamani aliitwa ndovu kwa nguvu zake, au upara kwa kichwa chake, wajukuu wakarithi, na leo mwalimu mwenye nywele nyingi aweza kuitwa Kihara wala hakuna anayecheka. Mzaha umekwisha njiani, limebaki jina. Basi, wazee wanaolalamika juu ya majina ya utani huenda wenyewe wanaitwa kwa mzaha wa babu zao.

JINA LA UKANDA

Mfano mkubwa kupita yote twaujua sote. Mtoto aliyezaliwa Kiambu mwishoni mwa karne ya 19 aliitwa Kamau. Alipobatizwa mwaka 1914 akawa Johnstone Kamau. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi katika baraza la mji wa Nairobi, idara ya maji, na alipenda kuvaa ukanda wa shanga uitwao kinyatta. Watu wakamwita kwa ukanda wake. Mwaka 1938 kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu kilipochapwa huko London, jina lililoandikwa juu ya jalada lilikuwa Jomo Kenyatta. Kamau na Johnstone yalikuwa yamewekwa kando.

Mtu huyu ana historia yake Nakuru pia. Mwezi wa Agosti mwaka 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, alisimama mjini Nakuru mbele ya walowezi wa Kizungu waliokuwa na hofu ya kufukuzwa, akawaambia kwamba pande zote mbili zina budi kusameheana na kulima nchi pamoja. Aliyesema maneno hayo alijulikana duniani kote kwa jina la ukanda.

Na tazama jinsi jina hilo lilivyorithiwa. Mwanawe wa kwanza aliitwa Peter Muigai, na Muigai ni jina la babu yake, kama desturi itakavyo. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1961, wakati wa kudai madaraka, aliitwa Uhuru Muigai Kenyatta: neno la siku zile, jina la babu, na jina la ukanda, yote matatu kwa mtoto mmoja. Uhuru naye alipopata mtoto wa kiume wa kwanza, ilimpasa kwa mila ampe jina la baba yake. Hakumwita Kamau. Alimwita Jomo. Mila ilifuatwa sawasawa, lakini jina lililorithiwa ni lile mtu mzima alilojichagulia, si lile alilozaliwa nalo. Na Uhuru Kenyatta ndiye aliyewakabidhi watu wa Nakuru hati ya jiji mwaka 2021.

Hata ng'ambo jina hilo lilizaa. Mwezi wa Desemba mwaka 1952, kabla haijatimia miezi miwili tangu Kenyatta kukamatwa, mtoto alizaliwa Penang, katika nchi ya Malaya, baba yake akamwita Jomo Kwame, kwa heshima ya Kenyatta na Nkrumah. Mtoto huyo ndiye Jomo Kwame Sundaram, mwanauchumi mashuhuri aliyefanya kazi katika Umoja wa Mataifa. Kwa Kenyatta jina hilo lilikuwa la kujitwalia ukubwani. Kwa mtoto yule wa Penang lilikuwa jina la kuzaliwa.

JINA LA WAKATI

Ukitoka Nakuru kwa njia ya magharibi ukapita Njoro na Molo, au ukishika njia ya kaskazini kwenda Kabarak na Baringo, utakuta Wakalenjin wengi. Majina yao yana utaratibu mwingine. Mtoto huitwa kwa wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Kipkoech alizaliwa alfajiri. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kiprop alizaliwa mvua ikinyesha. Kipruto alizaliwa safarini. Yupo na Kipchumba, ambaye jina lake linataja Wazungu, na mara nyingi hupewa mtoto aliyezaliwa hospitali. Kwa mtoto wa kike, mahali pa Kip huwekwa Chep au Che: Chepkoech, Cherotich, Cherop. Zamani kijana alipokwisha kutahiriwa alichukua jina la baba yake likitanguliwa na neno arap, yaani mwana wa. Hivyo mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Marehemu Rais Daniel Toroitich arap Moi, ambaye nyumba yake na kaburi lake vipo Kabarak, alikuwa na majina ya namna tatu katika jina moja: la ubatizo, la Kikalenjin na la baba.

Hapa ndipo palipo na hatari ya kufupisha. Kip kwa Wakalenjin ni mwanzo wa jina tu, nao waonyesha kwamba mtoto ni wa kiume. Magazeti ya Uingereza na Marekani yalipoandika habari za Kipchoge Keino, aliyevunja rekodi za dunia mwaka 1965 na kupata medali ya dhahabu katika mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, yalimwita Kip Keino. Yeye hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa nyumbani alibaki Kipchoge. Lakini mzazi akiandika Kip tu katika cheti cha kuzaliwa, ameandika "wa kiume" akaliacha jina lenyewe. Ameondoa alfajiri, mvua na ng'ombe, yaani habari yote ambayo mtoto angewasimulia watoto wake.

MAJINA YA KIZUNGU

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Sivyo. Kwa Waingereza, Harry ni jina la utani la Henry, Fred la Frederick, na Tom la Thomas. Majina hayo yalipoletwa kwetu na misheni na shule, watu wengi waliyapokea kuwa majina kamili. Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922 kwa ajili ya kutetea haki za wafanyakazi, alikuwa Harry mwanzo na mwisho. Fred Kubai, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, ambaye mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mashariki, wapiga kura wake walimjua kwa jina la Fred. Tom Mboya alibatizwa Thomas Joseph, lakini nchi nzima ilimwita Tom.

Huko kwao wenyewe mtindo huo umefika hata katika nyumba ya kifalme. Malkia Elizabeth wa Pili, aliyerithi ufalme mwaka 1952 wakati yupo hapa Kenya, katika msitu wa Aberdare, utotoni hakuweza kulitamka jina lake vizuri, akajiita Lilibet. Jina hilo lilitumiwa na jamaa zake tu kwa miaka mingi. Mwaka 2021 mjukuu wake Harry, ambaye jina lake la ubatizo ni Henry, alipata mtoto wa kike akamwita Lilibet, na likaandikwa kuwa jina lake kamili. Bibi aliyeitwa Elizabeth kwa heshima na Lilibet kwa mapenzi alirithiwa kwa lile la mapenzi. Mzee wa Bahati asingeona ajabu.

KIPANDE NA KARANI

Basi kama desturi yakubali, na hata wafalme wamekubali, shida iko wapi? Shida iko katika karatasi.

Katika mashamba ya walowezi ya Njoro, Rongai, Subukia na Molo, jina la mfanyakazi liliandikwa na karani kama alivyolisikia. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake, naye aliibeba shingoni katika kikopo cha chuma. Mtu aliyejitaja kwa lakabu, au aliyetajwa na nyapara kwa lakabu, alibaki nayo katika kipande. Mwaka 1947 sheria ya kipande ilibadilishwa ikaja ya kuandikisha watu wote. Kuandikisha vizazi vya Waafrika kwa lazima kulienezwa wilaya kwa wilaya tangu 1963 mpaka 1971, na wanawake hawakuanza kupewa vitambulisho ila mwaka 1978. Maana yake ni kwamba wazee wengi wa bonde hili waliishi nusu ya maisha yao kwa majina yaliyokuwa mdomoni tu, na walipoandikwa, kila daftari liliandika namna yake.

Baada ya Uhuru mashamba makubwa ya Nakuru yaligawanywa, mengine na Serikali, mengine na makampuni na vyama vya ushirika ambavyo watu walichanga fedha wakanunua pamoja. Tufikiri habari ya mzee mmoja aliyechanga fedha zake kwa jina la utani, kwa sababu ndilo wenzake walilolijua. Kitambulisho chake kina jina la ubatizo na jina la baba. Cheti cha shule cha mwanawe kina jina la utani kuwa jina la baba. Mzee anapofariki, watoto wanakwenda mahakamani kutafuta urithi wa ekari tatu, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama watu hawa watatu ni mtu mmoja. Hapo ndipo watoto wanapotafuta wakili, hati ya kiapo, barua ya chifu na mashahidi wenye mvi, na siku za kupanda zinapita wakingali kortini. Aliyeishi kwa amani na majina matatu amewaachia watoto kesi.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi mkuu, Nakuru na Naivasha zilipatwa na msiba ambao haujasahauliwa. Barabarani watu walisimamishwa wakatakiwa kuonyesha vitambulisho, na jina likawa ndilo la kumhukumu mtu kwa kabila lake. Hatuwezi kuwalaumu wazazi wa bonde hili wakichagua kumwita mtoto Amani, Baraka au Imani, likawa ndilo jina la kwanza na la kuitwa, ili asitangulizwe na kabila lake kila afikapo mahali. Jina kama hilo si upuuzi. Lakini halimzuii mzazi kuongeza jina la babu nyuma yake, kama alivyofanyiwa Uhuru Muigai.

SHAURI KWA WAZAZI

Kwa hiyo yafaa kila mzazi, kabla ya kwenda kwa msajili, ajiulize mambo matatu.

Kwanza, je, jina hili litamfaa mtu mzima? Mtoto wa miezi miwili huitwa Toto au Kadogo bila madhara, lakini jina lililoandikwa atakwenda nalo shuleni, kazini, kanisani au msikitini, na siku moja litachorwa juu ya kaburi la mzee. Kenyatta lilifaa, na Njogu linafaa. Jina la kumcheka mtoto kwa sababu ya masikio yake halifai.

Pili, je, jina kamili lililofupishwa limehifadhiwa mahali? Wanjiku aweza kuitwa Ciku maisha yake yote, na karatasi ikasema Wanjiku. Akiandikwa Ciku tu, jina la nyanya yake limekatwa mkia. Na kama wazazi wamekusudia Ciku liwe jina lake kwa kweli, basi na liwe hivyo kwa kukusudia, si kwa haraka ya foleni.

Tatu, je, jina limeandikwa kwa herufi zile zile kila mahali? Cheti cha kuzaliwa, kadi ya zahanati, daftari la shule, mitihani ya taifa na kitambulisho vyote vikubaliane. Sheria ya vizazi na vifo yampa mzazi miaka miwili tangu kuandikishwa kwa mtoto kulibadili jina kwa njia rahisi mbele ya msajili. Baada ya hapo mambo huwa marefu zaidi: hati rasmi ya kubadili jina, wakili, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Miaka miwili yatosha kwa familia kuona ni jina gani mtoto analoliitikia.

Jioni, jua linapotua nyuma ya vilima vya Mau, ziwa la Nakuru hubadilika rangi, na upepo huanza tena kuchezea vumbi la ufukweni. Mji una hospitali, viwanda, shule na korti, na hapana raia wake anayeona haya kusema anatoka mahali pa vumbi. Mtoto anayeandikwa leo katika ofisi ya msajili ya Nakuru naye atakwenda na jina lake mbali kuliko sisi tunavyoweza kuona, na jina hilo, la utani au la ukoo, ndilo watakaloitwa nalo wajukuu wa wajukuu wake.